Kikombe cha Kwanza na Kipa Aliyegoma Kusogea

"Shauri la Kutosogea kwa Kipa wa Lango la Juu Katika Kipindi cha Tatu, na Athari Zake kwa Utaratibu wa Kunywa Kahawa." Karani alikisoma kichwa hicho hewani, maana karatasi hakuwa nayo, amesimama mbele ya benchi na shati lililofungwa mpaka kifungo cha shingoni. Alistaafu masjala ya mahakama zamani. Masjala yenyewe haijamstaafu.

Benchi letu liko nje ya karakana ya Volti, fundi wa redio na televisheni. Dirishani ameweka televisheni ile yenye mgongo mkubwa, inatutazama sisi wa nje, na kwenye kizingiti cha dirisha imekaa mashine ya gemu ya kizamani ambayo mteja aliileta itengenezwe akasahau kuifuata. Kaseti iliyokuwa ndani ilikwama na haijatoka mpaka leo, kwa hiyo tuna gemu moja tu duniani: magongo ya barafuni. Watu wenye viatu vya visu wanateleza wakigombania kisahani cheusi, na wakizidi kukigombania wanatwangana ngumi, kisha anayepigwa ndiye anayefungiwa nje. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona barafu inayozidi ujazo wa ndoo. Hilo halijatuzuia kuwa na misimamo. Kila alasiri wawili wanacheza kwa pedi, vile vidude vya kubonyeza vyenye waya, na Mama Kahawa anangoja pembeni na birika lake. Mshindi hunywa kikombe cha kwanza. Aliyeshindwa hunywa cha mwisho, kile chenye machicha. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara amekunywa cha kwanza tangu tumfahamu. Mzee Sindano, mshona nguo wa mlango wa pili, amekunywa machicha mpaka akikohoa tunasikia harufu ya kahawa.

Leo, hata hivyo, Mzee Sindano ameshinda moja bila. Na leo ndiyo siku yake ya mwisho hapa. Macho yamechoka kutafuta tundu la sindano, binti yake ameamua baba akakae naye mji mwingine, na cherehani imeshafungwa kamba kwenye pikapu iliyoegeshwa mbele ya duka. Binti alikuwa ndani anamalizia kufungasha. Kwa hiyo kama mzee hanywi cha kwanza leo, hakinywi tena.

— Goli ni goli, — alisema Mzee Sindano. — Mama, mimina.

— Usimimine, — alisema Kinyozi, pedi bado mkononi. — Napinga. Nimebonyeza mpaka dole gumba limekufa ganzi. Kipa wangu hakusogea hata unywele. Mmeona wenyewe. Kisahani kinakuja polepole kama mgeni asiyejua nyumba, yeye anakitazama tu.

— Labda alidhani ni cha mtu mwingine, — alisema Volti.

— Mimi birika langu halijui kupinga, — alisema Mama Kahawa. — Linajua kupoa. Cha kwanza nampa nani?

— Kikombe kiko chini ya zuio la muda, — alisema Karani.

— Kikombe kiko mkononi mwangu, baba.

— Basi mkono wako umezuiwa pia. Tuendelee. Aitwe mtaalamu.

— Niko hapa, — alisema Volti. — Magoti yetu yanagusana.

— Lazima uitwe kwanza, ndipo uwepo.

— Haya, niite.

— Mtaalamu.

— Naam.

— Eleza kijiwe hiki, kwa lugha nyepesi, kwa nini kipa hakusogea.

Volti alijikuna kidevu kwa bisibisi. Huyu ni mtu anayeweza kusikiliza redio iliyokufa akakuambia imekufa kwa ugonjwa gani, lakini ukimpa hadhira anaharibika.

— Joto, — alisema. — Mashine hii ilitengenezwa na watu wa baridi. Imeshinda juani dirishani tangu asubuhi. Sasa jiulizeni, ndani kuna nini?

— Vumbi, — alisema Mama Kahawa.

— Barafu. Uwanja mzima. Joto likipanda, inalainika. Wale wengine wanakimbia, hawazami. Kipa amesimama mahali pamoja kipindi cha kwanza, cha pili, cha tatu. Amezama mpaka magotini. Atasogeaje?

Karani aliinamisha kichwa, kama anayeandika.

— Kwa hiyo kipa yuko kwenye maji.

— Maji ya uvuguvugu.

— Naafiki, — alisema Kinyozi. — Uwanja haukuwa katika hali ya kuchezeka. Mechi irudiwe.

— Irudiwe lini, kijana? — aliuliza Mzee Sindano. — Cherehani yangu iko juu ya gari.

— Wiki ijayo. Uwanja ukikauka.

Mzee Sindano alicheka kidogo, akatazama birika.

— Ushahidi wa mtaalamu umepokelewa, — alisema Karani, — ila hauniingii. Mimi nimeangalia yule kipa kwa macho ya utumishi. Hakuzama. Amefika umri.

— Umri gani?

— Wa kustaafu. Kaseti hii ina umri gani, Volti? Nayajua mashavu ya mtu aliyesubiri mafao. Yule amewasilisha barua yake, hajajibiwa. Kwa hiyo anafika kazini, anatundika koti, anasimama golini. Mwili upo. Ukimwambia sogea, anakuambia peleka dirisha namba nane. Nimefanya kazi na watu wa hivyo. Nimekuwa mtu wa hivyo.

— Sasa hapo umesema, — alisema Volti.

— Msichanganye mambo, — alisema Mama Kahawa, na hapo akaketi juu ya stuli yake, jambo ambalo halifanyi mpaka awe na neno. — Yule amesusa. Wewe Kinyozi, kila siku ukianza unachagua wachezaji gani?

— Wanene.

— Wanene. Mzee anachagua nani?

— Wembamba. Kama uzi.

— Mnakaa hapo mnabishana, huyu anasukuma, huyu anakimbia, mara mnene, mara mwembamba. Yule wa golini kuna siku mmemuuliza? Kuna siku mmembadilisha, mkamwambia leo pumzika, leo njoo mbele nawe ushike kisahani? Kufungwa ni yeye. Kulaumiwa ni yeye. Wengine wakifunga wanainua magongo wanakumbatiana kule mbali, yeye huku peke yake na baridi yake. Mimi ningesusa zamani sana.

Tulimtazama kipa kwenye kioo. Kusema kweli, alionekana amenuna.

— Mama, wewe unamtetea kipa au unajisemea? — aliuliza Kinyozi.

— Nani amewahi kuniambia leo kaa, nitamimina mimi?

Karani akasema swali hilo litafunguliwa jalada lake peke yake.

— Kuna jambo mnalikwepa wote, — alisema Volti, ambaye sasa alikuwa amesimama. — Lile gari.

— Gari lipi?

— Wakati wa mapumziko linaingia gari, linazunguka uwanja polepole, linapangusa, linatoka. Hamjawahi kujiuliza linapangusa nini?

— Barafu, — alisema Mzee Sindano.

— Ndivyo wanavyotaka tuamini. Uwanja mzima umetulia, wachezaji wametoka, hakuna shahidi. Gari linapita mbele ya lango la juu. Nasema walimchukua. Kipa halisi yuko ndani ya lile gari. Yule mnayemwona pale ni sanamu ya kumshikia nafasi.

— Gari lile ni la serikali, — alisema Karani.

— Unajuaje?

— Liendavyo taratibu. Na halina haraka ya kutoka.

— Walimchukua kwa kosa gani? — aliuliza Kinyozi. — Kipa wangu ni mtu safi.

— Wakati wa mapumziko wewe ulikuwa unafanya nini mpaka hukuona?

— Niliinama. Kitana changu kilianguka.

— Na wewe Mzee?

— Nilikuwa nafuta miwani, — alisema Mzee Sindano.

— Mnaona? — Volti alifungua mikono. — Mmoja ameinama, mmoja hana miwani. Hawa watu wa gari wanajua kazi yao.

Karani alikohoa kukohoa kwa kikazi.

— Kijiwe hiki sasa kitamsikiliza mlalamikiwa. Mzee Sindano, ulipopiga kile kisahani, ulijua kwamba kipa hasogei?

Mzee Sindano aliivua miwani, akaitazama, akairudisha.

— Mteja akiniletea suruali imechanika, mimi siulizi imechanikia wapi wala alikuwa anaruka ukuta wa nani. Nashona. Nimeona lango liko wazi, nimefunga.

— Jibu hilo lina mfuko wa siri, — alisema Karani.

— Mifuko yote niliyoshona mimi ina siri, mzee mwenzangu. Wako ni mmojawapo.

Karani aliugusa mfuko wake wa shati, akaacha. Kinyozi naye hakutaka kupoa. Akasimama, akanyoosha pedi mbele kama kielelezo.

— Naomba uamuzi uahirishwe. Na naomba kanuni ifuatwe, kwamba mlalamikiwa haruhusiwi kutoka nje ya mji shauri likiendelea.

— Kanuni hiyo ipo kweli? — aliuliza Mama Kahawa.

— Ipo, — alisema Karani, baada ya kufikiri. — Ikitumiwa kwa upana.

— Kwa upana gani?

— Upana wa mtu ambaye hataki mwenzake aondoke, mama. Mbona unanilazimisha niseme?

Mzee Sindano aliangalia barabarani. Ng'ambo, kwenye duka la Kinyozi, kiti kile cha kuzunguka kilikuwa kitupu, na kwenye kiegemeo chake kuna kiraka cha ngozi alichokishona yeye mwenyewe, kwa uzi mwekundu kwa kuwa mweusi ulikuwa umeisha. Kinyozi ameahidi kukibadilisha kile kiraka tangu kiliposhonwa.

— Kijana, — alisema mzee, — kama ni kukuzoea, nimekuzoea. Ila macho hayarudi kwa kuahirishwa.

— Si mambo ya kuzoeana, — alisema Kinyozi. — Ni mambo ya goli.

— Basi ni mambo ya goli.

Hapo ndipo binti yake alipotoka dukani, funguo za pikapu mkononi na uzi umemng'ang'ania kwenye bega.

— Shikamooni.

— Marahaba, — tulijibu kwa pamoja, hata Volti, ambaye hajafikia umri huo.

— Baba, tayari. Tukichelewa tutaikuta foleni.

— Ngoja kidogo, mwanangu. Nahukumiwa.

— Kwa kosa gani?

Karani akamweleza. Alianza na kichwa cha shauri, akapita kwenye barafu iliyolainika, mafao, kususa na gari la serikali, akamalizia na zuio la kikombe. Ni maelezo yaliyopangika vizuri, na binti aliyasikiliza yote kwa adabu, kama mtu aliyelelewa na mshona nguo, anayejua kusimama bila kutikisika mpaka apimwe. Kisha akasogea dirishani, akainama, akaitazama mashine.

— Samahani, — alisema. — Huu waya mmoja mbona haujachomekwa?

Benchi zima lilitazama. Kutoka mkononi mwa Kinyozi waya ulishuka, ukapita kwenye goti lake, ukapanda kizingitini, na hapo ukalala, kichwa chake kikiwa shubiri moja kutoka kwenye tundu.

Volti alijitafutia skrubu kwenye kopo ambalo halikuwa na skrubu. Karani alifungua kifungo cha shingoni, jambo ambalo sijawahi kuliona. Kinyozi aliiangalia pedi yake kama amepewa na mtu asiyemjua. Mzee Sindano alimwangalia Mama Kahawa.

Mama Kahawa ndiye aliyemaliza shauri. Alimimina kikombe kikajaa, juu povu, akakipeleka kwa mikono miwili, akampa Mzee Sindano. Mzee alikunywa taratibu mpaka tukasikia kikombe kimekuwa chepesi.

— Kumbe huku juu ni kutamu hivi, — alisema. — Na mlikuwa mnanyamaza.

— Rufaa yangu iko palepale, — alisema Kinyozi. Alikuwa anauviringa waya wa pedi kiganjani.

— Iache hapohapo. Mtu harudi mahali ambapo hana kesi. — Alisimama, akampa mkono Karani, akampa Volti, akamwambia Mama Kahawa akae, leo atamimina mwingine. Alipofika kwa Kinyozi aliunyoosha ukosi wa shati lake, akaupigapiga. — Na kile kiraka kibadilishe. Uzi mwekundu unanitia aibu.

— Sikibadilishi.

— Najua.

Pikapu iliondoka, cherehani imetazama nyuma. Kinyozi alipewa kikombe cha mwisho, akakinywa na machicha yake yote, na hakulalamika.

Kilichotokea ni hiki. Mimi nilikuwa nimekaa kati yao. Wakati wa mapumziko ya mwisho, lile gari likipangusa barafu, Kinyozi aliinama kuokota kitana ambacho hakikuwa kimeanguka, akachomoa waya wa pedi yake. Mzee Sindano alikuwa anafuta miwani. Aliivaa mapema kidogo kuliko Kinyozi alivyotegemea, akamwona, akanyamaza, na kipindi cha tatu kilipoanza akafunga goli.