Shavu Lililoshuka Mapema

Ndugu zangu, kaeni tu, msisimame. Ule ushuhuda niliotoa hapa kanisani mwaka jana, leo nimekuja kuufuta. Sikujua, lakini ulikuwa wa uongo.

Msichana wangu mnamjua, ana miaka saba. Alikulia kwa nyanya yake kule ziwani, malaria ikimshika kila mara. Nilipomleta hapa mtaani kwetu Laini Saba, shavu likaanza kufura, meno yakalegea. Mimi nikasema ni meno tu! Nikampeleka kwa mzee mmoja anayeng'oa. Aking'oa, shavu linazidi, mpaka jicho likaanza kutokeza.

Hospitalini wakasema ni limfoma, kansa ya seli za kinga. Dawa ya kwanza tu, jamani, wiki moja shavu likashuka! Nikaja hapa mbio nikapiga kelele, "Amepona!" Na nikaacha kumrudisha. Nawaambia ukweli, nilikuwa nimechoka kumwona akitapika, nywele zikibaki kwa mto. Nilikuwa natafuta sababu, nikaipata.

Miezi miwili, kansa ikarudi na hasira. Daktari, dada mmoja mpole, hakunigombeza. Heri angenigombeza. Aliketi na mimi kwa benchi.

"Mama, mwilini kuna vitu vinaitwa vimeng'enya. Vingine kazi yao ni kukata jeni za seli za kinga na kuziunga upya, ndiyo mwili upigane na magonjwa. Malaria ikirudirudi vinafanya kazi kupita kiasi, na siku moja vinakosea. Jeni inayoambia seli zigawanyike inaungwa mahali si pake. Inabaki imewaka, kama taa ya stima isiyo na swichi ya kuizima."

"Na shavu si lilishuka?"

"Lilishuka. Lakini seli chache zilibaki, na kila moja hiyo jeni imewaka. Moja inazaa mbili, mbili nne."

Wee! Nikauliza kama ni chakula nilichompa. Akasema hapana, ugonjwa si mimi niliyeuleta. Lakini kuacha dawa kulikuwa kwangu, na hilo hakuna wa kuniondolea.

Tulianza upya, dawa kali kuliko za kwanza. Amezimaliza, bado tunaenda kupimwa. Jicho la kushoto halioni tena. Huniuliza litafunguka lini, nami najifanya nafua nguo.

Asanteni mlionipikia. Asante jirani yangu wa Makina, Mwislamu, aliyekaa na wadogo wa msichana wangu miezi yote bila kuniuliza unarudi lini. Na dada daktari, Mungu amweke. Nilichojifunza ni hiki: uvimbe kushuka si kupona. Atakayesema imeisha ni aliyepima, si mimi na kelele zangu.

Kuna mama ameketi hapa, simtaji. Jumapili iliyopita ulinifuata nje ukaniambia shavu la mtoto wako limeshuka, mnapumzika dawa kwanza. Ukasema ushuhuda wangu ndio uliokupa moyo. Kesho asubuhi nakuja huko kwenu mtaa wa Kongo, mpaka mlangoni kwako, twende hospitalini pamoja. Mvalishe mtoto sweta.