Kibodi ya Manila

Salamu kwenu, kila mtu kwa dini yake. Nitasema Kiswahili, maana Kigisu changu hapa Bugembe kitawachosha, na Kisoga chenu mimi nakivunjavunja. Nimeombwa nisimame kwa sababu kikundi chetu kina wazazi wenye vijana waliomaliza shule na wamekaa tu. Mimi nilikuwa kijana wa namna hiyo. Kama mnataka ushuhuda wa kufurahisha, msubirini atakayefuata.

Nimezaliwa mlimani, juu ya Mbale, ambako mvua ikinyesha hata boda hapandi. Shule yetu ilikuwa na somo la kompyuta. Kompyuta yenyewe haikuwepo, wala umeme. Mwalimu wetu, Mungu amlipe kwa alichoweza, alichora kibodi kwenye karatasi za manila, kila benchi na karatasi yake. Hapo ndipo tulipojifunzia kuchapa. Ukibonyeza kwa nguvu karatasi inachanika, kwa hiyo tulizoea kupitisha vidole juu juu. Mnacheka. Chekeni tu, hata sisi tulicheka.

Nilimaliza nikiwa wa kwanza shule nzima. Baba alichinja mbuzi, halafu akanishusha hadi Namakwekwe, pale Mbale mjini, kwa binamu yake, akaninunulia viatu vya ofisini. Akasema, "Sasa wadogo zako wamepata mtu." Ndugu zangu, maneno hayo nilipanda nayo basi la kuja Jinja, na yalikuwa mazito kuliko begi langu.

Nikafikia kwa shangazi, hapa hapa Bugembe. Haikupita muda nikaitwa intavyu ya ukarani kwenye kiwanda kimoja. Tuliketishwa kila mtu na kompyuta yake, tukapewa habari fupi ya kunakili. Wenzangu walikuwa wametoka shule kubwa za Jinja na Kampala. Mmoja aliniuliza nimesoma wapi, nikamtajia, akasema hajawahi kuisikia. Wala hakusema kwa ubaya.

Nikabonyeza A. Ikatokea a ndogo. Kwenye manila ya mwalimu herufi zote zilikuwa kubwa, na kwenye kibodi ile mbele yangu pia zilikuwa kubwa. Nikajua nimekosea. Nikafuta, nikaanza upya, ikatoka ndogo tena, nikafuta tena. Wenzangu vidole vinakimbia, mimi nafuta. Muda ukaisha kioo changu kikiwa cheupe. Msimamizi akakitazama, akanitazama, akasema, "Asante dada, unaweza kwenda." Afande wa getini akanifungulia bila kuniuliza kitu.

Shangazi nilimweleza yote. Akasema, "Kumbe wa kwanza wa mlimani ndiye huyu?" Nikaamini. Niliamini kabisa kwamba mimi ni mjinga na cheti kile nilipewa kwa makosa. Nikaacha kuoga. Simu ya baba ikilia naigeuza kifudifudi. Nikimwona kijana anapita na bahasha ya vyeti, roho inaniuma.

Aliyeniinua ni mama jirani, mke wa askari wa magereza, mtu wa kaskazini. Alichoka kuniona nimekaa mlangoni nimevimba macho. Akanivuta mkono hadi mjini, kwa mzee mmoja mwenye duka la kuchapa, akamwambia, "Mzee, huyu mwache aguse." Nikagusa. Ikatoka ndogo. Nikaanza kufuta, mzee akanizuia.

"Unafuta nini? Umeandika sawa. Ukitaka kubwa, kuna kitufe chake."

Nililia pale pale, mbele ya wateja. Nawaambia, sikuwa nimekosea. Siku ile ya intavyu nilikaa nafuta kazi iliyo sawa, kwa sababu shule nzima, na mwalimu mwenyewe, hakuna aliyewahi kuigusa kompyuta akaja kutueleza.

Kazi ya kiwandani ilikuwa imeshachukuliwa. Nikajaribu kwingine na kwingine. Wanataka uzoefu, na uzoefu hawakupi. Mzee akanipa kiti dukani kwake, ndipo nilipo mpaka leo, nawachapia wengine maombi ya kazi. Kuinuka kwangu kumeishia hapo. Naoga, nakula, simu ya baba napokea. Wadogo zangu bado wanangoja. Hasira ninayo, sitawadanganya.

Namshukuru yule mama, ameketi pale nyuma anajificha. Namshukuru mzee wangu. Na nyinyi wazazi, nawaomba neno moja: kijana akirudi mikono mitupu, kabla hujamwita mjinga, muulize alifundishwa kwa kitu gani.

Juzi msichana wa kwetu mlimani aliingia dukani, intavyu yake kesho yake asubuhi. Akaweka vidole juu ya kibodi, havigusi. Nikakaa naye mpaka tunafunga. Akaniuliza, "Dada, nitapata?" Wengi kama yeye wamepita kwangu, na hakuna aliyerudi kuniambia amepata. Nikamwambia, "Kosa si lako." Akabaki ananitazama, anangoja niongeze.