Ekru Iliyozunguka Bure

Kijiwe cha Mama Kahindo, kule Nyakasanza mjini Bunia, kilikuwa ubao mmoja juu ya matofali, birika la kahawa na vikombe vya bati. Tangu mapigano ya Mei yapoe, wateja walikuwa wakirudi mmoja mmoja, na kila aliyerudi alipewa kikombe kabla hajaulizwa alikokimbilia. Asubuhi hiyo ya Agosti 2003 ubao ulikuwa mtupu. Wote walikuwa wamemzunguka Katsuva, muuza vitenge, aliyepiga magoti kando ya gari lake dogo jeupe. Vita vilipoingia mjini alivua magurudumu matatu akayaficha juu ya dari, ili wenye silaha wasiondoke na gari. La nne hakuwahi kulivua. Sasa matatu yalikuwa yamerudi mahali pake, lakini mpira wa hilo la nne ulikuwa umechanika, na ili libadilishwe ilibidi ekru zake zote, yaani nati, zitoke. Zilitoka zote isipokuwa moja. Hiyo ilizunguka pamoja na bulo yake, ile bolti inayoishika, laini kama kijiko ndani ya kikombe, bila kusogea nje hata unywele.

Na Kavira, mke wake, alikuwa anafika na ndege kutoka Beni siku hiyohiyo. Mwezi huo wa Mei alikimbia kwa miguu, tumbo likiwa kubwa, akajifungulia hukohuko Beni. Katsuva hakuwa bado amemwona mtoto, Chance. Kwenye simu alimwambia mkewe: "Ulienda na miguu, utarudi na motokari."

— Iko inazunguka tu, alisema sasa, ufunguo mkononi. Sisikii kitu.

Delphin alikuwa wa kwanza kutoa dawa. Walimwita Radio, kwa sababu alitangaza habari kabla hazijatokea.

— Hiyo ni kutu. Ku Mahagi banamwangaka mawese ya moto, inatoka yenyewe.

— Kutu ingeikamata, Katsuva alimjibu. Hii haikamatwi na kitu. Ndio shida yake.

— Basi dinamiti, alisema Camille.

Camille alichimba dhahabu Mongbwalu mpaka vita vikamfukuza, na alichookoa ni chuma chake kirefu cha kuvunjia mawe. Alilala nacho. Wao walimwita Dinamiti.

— Kidogo tu, sawa chumvi ya mboga.

— Na motokari?

— Itabakia. Karibu yote.

Mama Kahindo alimimina kahawa huku akitikisa kichwa.

— Miye naona imekuwa mukimbizi. Imezoea fasi moja, sasa munaiambia tutoke, inaogopa. Mutu aiongeleshe muzuri.

— Ongelesha weye, mama, Radio alisema. Miye najua kingine. Ile bulo iko murefu kupita vile munaona. Ukizungusha mingi, ekru itatokea ku mupira wa upande ingine.

— Nani alikuambia?

— Iko inajulikana Uganda.

— Tuombe helikopta ya MONUC, bale basoda ba Umoja wa Mataifa, Dinamiti alisema. Tunafunga kamba ku ekru, banapanda nayo juu.

— Na Katsuva?

— Anashika motokari.

Hata Katsuva alicheka, ingawa jasho lilikuwa linamwingia machoni. Ndipo waliposikia mngurumo. Ndege ndogo ilipita chini juu ya mabati, magurudumu yake yote nje.

— Iko yeye, Radio alisema, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyebisha habari yake.

Dinamiti alikwenda kuleta chuma chake, akakisukuma nyuma ya gurudumu, akavuta kwa mwili wote.

— Nitang'oa mupira na ekru yake.

— Wacha, utavunja...

Katsuva hakumaliza. Ufunguo ulikuwa bado kwenye ekru, na ghafla mkono wake ulikutana na ugumu.

— Camille, usiachilie.

— Juu ya nini nisiachilie?

— Vuta tu. Mupira unasukuma ekru, sasa bulo iko inakamatwa.

Radio alidandia chuma. Mama Kahindo aliweka birika chini, akamshika Radio mkanda na kuvuta naye. Ekru ililia, ikageuka kidogo. Walipumzika, wakavuta tena. Ilitoka polepole namna hiyo, wakivuta na kutukana, mpaka ikaangukia kiganjani mwa Katsuva, ya moto kama kiazi. Walipiga kelele hadi majirani wakachungulia. Lakini gurudumu la akiba halikuwa na upepo, na pampu iliyopatikana ilikuwa ya kinga, baiskeli ya jirani. Walipokezana kupampu, kila mmoja akimlaumu mwenzake kwa uvivu.

Katsuva alikuwa anashusha jeki aliposikia sauti nyuma yake.

— Papa Chance.

Hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Ilimchukua muda kujua ni yeye. Aligeuka: Kavira, mzigo kichwani, mtoto mgongoni, viatu vimejaa vumbi.

— Nilingoja mpaka batu bote bakaisha, Kavira alisema. Aliwaangalia wote wanne, weusi kwa grisi, kisha akaendelea: Lakini aerodromu ni pale tu. Juu ya nini hukukuja na miguu?

Radio alimtazama Dinamiti. Dinamiti akatazama chuma chake. Mama Kahindo akaanza kutafuta kikombe kisafi.

Katsuva alijifuta mikono kwenye shati, akampokea mtoto. Alimtazama sana. Chance akamshika pua na hakutaka kuiachia. Baba yake alicheka huku machozi yakimtoka, kisha akafungua mlango wa gari.

— Panda.

— Nyumba si hii hapa mbele?

— Panda, Mama Chance.

Kavira alipanda, akapokea mtoto. Wale wengine walipanda nyuma bila kuitwa, Mama Kahindo na birika katikati ya magoti. Injini ilikohoa, ikashika. Walipopita nyumba bila kusimama, Kavira aligeuka.

— Tunaenda wapi?

— Ku aerodromu, alisema Katsuva. Naenda kukupokea.