Kidonge cha Sinia Moja

Basi la mwendokasi lilikuwa limeshaiacha Kimara pale mzee Muhdhar alipomwonyesha jirani yake wa kiti, mama aliyejitambulisha kuwa nesi mstaafu, dawa yake ya kushusha mafuta ya damu. Alikuwa anarudi kliniki kupimwa.

“Unameza kimoja kila usiku?”

“Nusu. Nusu nyingine anameza mke wangu, Bahiya. Sie tunakula sinia moja, mafuta yetu mamoja.”

“Naye kaandikiwa?”

“Nimemwandikia mie.”

“Makubwa! Na miwani mnavaa moja?”

“Ya kusomea, ndiyo.”

Mama akashika kichwa. “Mzee wangu, mwambie daktari, asije akadhani dawa imeshindwa akakuongezea.”

“Na Bahiya je? Atasema namnyima.”

Mama alishukia Magomeni. Muhdhar alifika kliniki, akasema yote. Dozi haikuongezwa. Bahiya alinyang'anywa nusu yake, akanuna siku tatu.