Bi Muhsina binti Marhoon na Nyumba ya Babu Yetu

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja kwenye hitma hii, mimi ni Ghanim bin Amur, mtoto wa ammi yake marehemu, baba zetu ni ndugu, na nnasoma haya kwa kutakiwa na binti yake, Shaikha, anayenisikiliza upande wa wanawake, ambaye ameniomba nisiruke kitu.

Bi Muhsina binti Marhoon alizaliwa Mkunazini, Unguja, tarehe 3 Mei 1913, akasoma Kurani chuoni kwa Bi Masouda mpaka akahitimu, kisha baba yake akamfundisha kusoma hati za kale, jambo lililowachekesha watu kwa kuwa ni mtoto wa kike. Alisomesha watoto Kurani kwa miaka mingi, na mwaka 1931 aliolewa na marehemu Thani bin Said, wakajaaliwa watoto watatu, wawili wakafa wachanga, akabaki Shaikha. Mumewe alifariki mwaka 1958.

Mwanzoni mwa mwaka 1964 alipoteza nyumba yake ya Unguja, na tarehe 19 Agosti akashuka Maskati na binti yake na sanduku moja, akaja moja kwa moja kwenye nyumba hii tuliyokaa, aliyoijenga babu yetu Sheikh Thabit mwaka 1871, kwa mawe ya mlimani na saruji ya kale ya udongo wa kuchoma, vyumba vikizunguka ua wenye kisima. Chini ni ghala ya tende, yenye mifereji sakafuni ya kupitisha asali yake, na juu ni vyumba vya kupokea upepo wa bahari, vyenye dari ya boriti zilizotiwa rangi na maandishi. Juu nilikaa mimi na wanangu. Nilimwambia, "Dada, huku hakuna nafasi," na vyumba vinne vilikuwa vitupu, nikampa ghala.

Idi ya mwaka 1965 alipanda kutusalimu, akanyanyua macho darini, akasoma kimya, kisha akaniuliza, "Ghanim, umepata kusoma alivyoandika babu?"

Nilikuwa nimeshasoma. Imeandikwa kwamba nyumba ni wakfu wa kizazi chake, wanaume na wanawake, asizuiliwe hata mmoja kukaa. Wiki ile ile nilileta mtu akazipaka boriti zote chokaa.

Desemba 1968 mvua ilipasua ukuta wa magharibi, tukaomba kwa Sultani ruhusa ya kuutengeneza, maana bila idhini yake hapatengenezwi nyumba, haikuja, nami kwa hofu nikahama na wanangu kwenda Matrah kwa wakwe zangu. Yeye alibaki, akamwita fundi Hilal, wakauegemeza ukuta kwa magogo, kisha akapanda ngazi mwenyewe, na umri wake miaka hamsini na tano, akakwangua chokaa, akafuta kwa kitambaa cha maji, boriti baada ya boriti, siku arubaini. Niliporudi Februari 1969 maandishi yote yalikuwa wazi, naye akanimiminia kahawa, akasema, "Sikufuta kwa ajili yako. Nimemfutia Shaikha, ajue pa kukaa."

Nilimhamishia juu siku ile ile, lakini vumbi la chokaa lilikuwa limeshamshika kifua, akakohoa mwaka mzima, na Alhamisi tarehe 12 Machi 1970, baada ya sala ya alasiri, akafariki. Siku mbili kabla nilimtaka radhi, akanishika mkono, hakusema kitu, na mpaka sasa sijui kama alinisamehe au alikuwa amechoka tu.

Tunawashukuru madaktari wa Matrah waliomwangalia, Bi Mahfoudha na majirani wote waliopokezana kumuuguza, na fundi Hilal, ambaye alikataa ujira. Ukuta wa magharibi bado umeegemea magogo. Vyumba vya juu Shaikha ana haki navyo sawasawa na wanangu, na nyinyi nyote mlionisikia ni mashahidi, hata siku ambayo mimi nitataka kusema vingine.

Mola akurehemu, dada, ulale salama.