Kisiagi Alichonyang'anywa Ciakuthii

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Mmenizoea nikiongea polepole saa hii, nanyi mkinywa chai. Leo mtanivumilia. Nina hasira na sitaificha. Jumamosi tulimzika Ciakuthii wa Njeru kule Kiritiri, na maneno niliyoyasikia pale kaburini yamenikwama kooni mpaka sasa.

Ciakuthii alikuwa fundi wa injini za dizeli. Narudia, kwa wale mnaofungua redio sasa hivi: mama huyu alikuwa fundi wa injini za dizeli, kuanzia Mbeere mpaka Igembe.

Alizaliwa upande wa Runyenjes, kwenye kahawa na ukungu. Akaolewa kule chini, Kiritiri, kwenye jua na mbuzi, na kijana aliyeitwa Njeru. Miaka ya sabini, Njeru aliuza mbuzi wake. Ciakuthii naye akauza ng'ombe aliyepewa na mamake. Wakanunua injini na kisiagi, wakaanza kuwasagia watu unga. Shikeni hapo. Walinunua wote wawili, mume na mke.

Njeru alikuwa akisafiri kwenda Embu kutafuta dizeli, na kisiagi hakingeweza kumngoja. Kwa hiyo akamfundisha mkewe. Dizeli ya siku hizo ilikaa kwenye mapipa, ikaingia maji na mchanga. Filta ikiziba, injini inakohoa, kisha inanyamaza. Na ukibadilisha filta bila kutoa hewa, umefanya kazi bure. Binti yao, Mukami, aliniambia hivi: "Baba alikuwa anasema, hewa ikishaingia kwa paipu, hiyo injini haisikii maombi, haisikii matusi. Itoe yote."

Mwaka wa 1983 Njeru akafa kwa ugonjwa wa kifua. Matanga hayajaisha vizuri, mdogo wake, Runji, akaja na kufuli mpya. Nataja jina lake kwa sababu Mukami ameniomba nisilifiche.

"Shemeji," Runji alisema, "hii mashine ni ya boma. Wewe ni mtu wa kuolewa tu. Kaa nyumbani ulee mtoto."

Ciakuthii akaenda kwa wazee. Wakanywa uji wake, wakasema mali ni ya ukoo. Akaenda kwa chifu. Akaambiwa hayo ni mambo ya familia. Akaenda kanisani. Akaambiwa avumilie. Avumilie nini, wasikilizaji? Ng'ombe wa mamake alikuwa ndani ya ile injini!

Ukaja ukame wa 1984. Waliokuwapo hawajausahau. Yalikuja mahindi ya manjano ya msaada, na bila kisiagi, mtoto mdogo na mzee asiye na meno wangeyala vipi? Kisiagi cha karibu kilikuwa hicho kimoja, na ufunguo alikuwa nao Runji. Tangu kakake afe, Runji hakuwa amebadilisha filta hata mara moja.

Siku moja ya soko, asubuhi, injini ikanyamaza. Foleni ya akina mama ilikuwa imefika barabarani. Runji akazungusha hendeli mpaka shati likamgandia mgongoni. Mwishowe akawaambia, "Imekufa. Nitaiuza kama chuma."

Jirani mmoja, Wawira, akakimbia kwa Ciakuthii. Wawira yuko hai, ni mzee sasa, na sauti yake bado ina nguvu. Aliniambia: "Nilimkuta anapepeta kunde. Nikamwambia, nyina wa Mukami, watoto wangu hawajakula tangu jana. Aliingia ndani, akatoka na filta mpya kwa kiondo."

Ile filta alikuwa ameinunua mwenyewe, Njeru akiwa bado mgonjwa.

Alipofika, hakumsalimu Runji. Akafunga koki ya tangi. Akafungua kikombe cha filta, akakimimina chini mbele ya watu wote. Yakatoka matope meusi na maji.

"Unaona uchafu umekuwa ukiilisha?" akamwambia.

Akakiosha kikombe kwa dizeli safi. Akatia filta mpya, akajaza dizeli, akakaza. Halafu akalegeza skrubu ndogo ya juu ya kutolea hewa, akaanza kupampu kwa kidole gumba kimkono cha pembeni kinachosukuma dizeli. Likatoka povu. Akapampu. Povu tena. Akapampu mpaka dizeli ikatoka nzito, bila hata kiputo kimoja, ndipo akaikaza ile skrubu. Akafanya vivyo hivyo mbele, kwenye pampu ya injini, na mwisho kwenye nati ya nozo, ile inayopuliza dizeli ndani ya injini. Akashika hendeli. Injini ikatema moshi mweupe, ikanguruma. Akina mama wakapiga vigelegele.

Na Runji, wasikilizaji, Runji akasema: "Asante shemeji. Sasa toka nje, watu wahudumiwe."

Ciakuthii akaizima injini. Akafunga koki, akaitoa ile filta ikichuruzika dizeli, akaitia kwa kiondo.

"Injini mmesema ni ya boma," akasema. "Filta nilinunua mimi."

Akashika njia. Runji hakumfuata. Waliomfuata ni wale akina mama, na mbele yao Wawira. "Nilimshika mkono," Wawira aliniambia. "Niligeuka tu, nikamwonyesha mtoto alikuwa mgongoni. Alikuwa amelegea kama nguo. Ciakuthii alisimama hapo barabarani. Hasira kama hiyo sijawahi kuona kwa uso wa mtu."

Akarudi. Akaitia filta. Hewa ilikuwa imeingia upya, kwa hiyo akaanza kuitoa tena, skrubu moja baada ya nyingine. Unga ukasagwa mpaka jioni. Na njaa yote ile, kila injini iliponyamaza, alikuja akaiamsha, akarudi kwake. Mlango haukuwa wake.

Mvua iliponyesha, Runji akaiuza injini kwa mfanyabiashara wa mbali. Ciakuthii hakuambiwa. Aliiona tu ikipita juu ya lori.

Alimchukua Mukami, wakapanda Runyenjes. Alibeba spana za Njeru, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kumnyang'anya. Akaanza na injini za viwanda vya kahawa, kisha visiagi, kisha pampu za maji. Jina likaenea mpaka Kangeta kule Igembe, kwenye soko la miraa, na huko ndiko alikokutana na Karambu, mjane mwenye kisiagi.

Shemeji yake Karambu alikuwa amekuja na kufuli. Ndiyo, mmesikia vizuri. Hata huko, kufuli. Ciakuthii akasimama mlangoni na spana mkononi. "Ni yako?" akamwuliza yule bwana. "Basi iwashe." Ciakuthii alikuwa ameshalegeza skrubu, hewa imejaa tele kwenye mabomba. Yule bwana akazungusha hendeli mpaka soko zima likacheka. Alirudi mara mbili baadaye. Kila mara alikuta wanawake wawili mlangoni, na Karambu tayari ameshafundishwa. Mwishowe akachoka. Kisiagi kile ni cha Karambu mpaka leo.

Karambu aliniambia alimwuliza, "Mbona wewe hukufanya hivi kwenu?"

Ciakuthii akamjibu, "Kwetu kulikuwa na njaa."

Wiki iliyopita moyo wake ulisimama, akiwa na miaka zaidi ya themanini. Aliomba azikwe Kiritiri, kando ya Njeru, na ndiko tulikompeleka. Runji akasimama na mkongojo wake, akashika kipaza sauti. "Huyu mama," akasema, "sisi ndio tulimfundisha mashine. Boma yetu ndiyo ilimlea."

Mukami akatembea mpaka alipo, akakichukua kile kipaza sauti mkononi mwake. "Baba mdogo, kaa chini," akasema. "Mama hakukusamehe. Na hiyo kazi ya kukusamehe hakuniachia mimi."

Tangu juzi mnanipigia simu hapa studio mkisema yule binti amekosa adabu, mazishi si mahali pa maneno kama hayo. Nilikuwa pale. Adabu ilivunjwa mwaka wa 1983, na nyote mliokuwapo mlinyamaza.

Mukami na watoto wako, poleni sana. Wawira, pole. Karambu, pole kwa kumpoteza rafiki. Mungu awape nguvu. Bwana Runji, najua redio yako iko wazi. Wewe sikupi pole.

Nanyi wengine, tafakarini. Kama kwenu kuna mjane aliyefungiwa mlango wa mali aliyoitolea jasho, unamjua. Unajua na aliyeufunga. Usingoje jeneza lake ndipo upate sauti. Nenda leo, kabla giza halijaingia, ukaseme.