Vizee vya Bi Lien

Sogeeni kitandani, wanangu, na wewe Haifa mjukuu wangu izime hiyo simu, maana nesi amenipa dawa ya maumivu na ikishanikolea sitaweza tena kupanga maneno. Gorofa hii ya Kilburn ni ya kaunsili, serikali ya mtaa hapa London, haina mrithi. Nguo zangu wapeni wanaozihitaji. Kilichobaki ni duka la Peckham, na kabla hamjaligawa kwa sheria yetu lazima mjue kwamba nusu yake si yangu, wala haijawahi kuwa yangu.

Muhiddin, mwaka wa tatu huu umeninunia. Uliingia dukani asubuhi ukanikuta nimepiga magoti mbele ya kile kikabati chekundu kilichoko sakafuni kando ya mlango, mbele ya vile vizee viwili vya udongo, ukatoka bila ya salamu, ukaenda kuwaambia watu msikitini kwamba baba yako anaabudu masanamu. Leo nakujibu. Sikuvisujudia, Mola wangu ni shahidi. Nilipiga magoti kwa sababu viko chini, na mtu wa umri wangu hawezi kubadilisha kikombe cha maji sakafuni huku amesimama.

Vizee vile ni vya Bi Lien, Mvietnam, aliyekuwa akipaka watu kucha upande mmoja wa duka nami nikitengeneza simu upande wa pili. Mwenye ndevu nyeupe aliyeshika dhahabu ni mungu wao wa mali, na yule mwenye tumbo anayecheka ni mwenye ardhi. Kwao huwekwa chini, uso kuelekea mlangoni, wapate kuwaona wanaoingia. Kila asubuhi Lien aliwawekea maji, kahawa na sigara iliyowashwa, na mara moja kwa mwezi akiwaogesha kwa pombe na tangawizi, kwa kitambaa ambacho hakikufuta kitu kingine chochote. Nilizoea kumtania, mungu gani huyu anavuta sigara? Naye hunijibu, "Mteja wa kwanza leo amekuja kwangu au kwako, Bwana Harith?" Tukicheka mpaka wateja wanatushangaa. Mama yenu alipofariki, yeye ndiye aliyenishikia duka siku arubaini nzima, na hakuniuliza nitarudi lini.

Saratani ilipomlaza alinishika mkono akaniomba nisiviondoe vizee vyake mlangoni, kwa kuwa mwanawe Tuan alikuwa njiani, mikononi mwa watu wanaovusha watu kwa siri, na alichokuwa nacho ni anwani ya duka tu. Akija, nusu ya duka ni yake. Nikamwambia ndiyo. Nikamzika, kisha nikaviacha vizee vishikwe na vumbi.

Nipeni maji kidogo. Haya.

Alikuja, wanangu. Alikuja mwezi wa Februari, miaka mitatu nyuma, saa tano ya asubuhi, mtu mzima wa miaka ishirini na kitu, amevaa koti jembamba la kijani na ameshika kikaratasi. Akamuulizia mama yake. Nami nilikuwa nimeshakuahidi wewe, Ummukulthum, ile nusu, ufungue saluni yako. Nisikusingizie, mwanangu, hukuniomba. Tamaa ilikuwa yangu. Nikamwambia mtu wa jina hilo hayupo hapa na hajawahi kuwapo. Akatazama chini, akakiona kikabati, akachutama akamfuta yule mzee mwenye ndevu vumbi usoni kwa mkono wa koti lake, kisha akaniangalia. Alijua. Machozi yalikuwa yanamtoka, nami nikarudia kwamba hajawahi kuwapo, nikamfungulia mlango atoke.

Baada ya wiki mbili polisi walivunja mlango wa nyumba moja mtaa wa nyuma, madirisha yake yamezibwa, ndani inalimwa bangi, wakawatoa vijana waliokuwa wamefungiwa humo wafanye kazi ya kulipa deni la waliowavusha. Nilikuwa nimesimama miongoni mwa watazamaji. Nililiona koti la kijani, na yeye akaniona. Ningesema neno moja tu, kwamba huyu ana kwake, huyu ana haki hapa. Sikusema. Wakampandisha garini wakaenda naye. Kuanzia siku ile ndipo nilipoanza kuvibadilishia maji vile vizee, na sijapata usingizi wa kuridhika tena.

Basi msigawe kitu mpaka mmemtafuta. Jina lake kamili liko kwenye karatasi ya mama yake, ndani ya droo yangu. Muhiddin, nenda kwa wakili wa uhamiaji, na ukiambiwa amerudishwa kwao, mfuate kwao. Ummukulthum, nusu ile iache. Vizee msivitupe, si vyenu na si vyangu, ni amana.

Muhiddin unatazama dirishani. Ummukulthum unalia, sijui unamlilia nani. Aliyeitika kwamba atatafutwa ni Haifa peke yake, kwa Kiingereza chake. Nimekusikia, mjukuu wangu.

Radhi nimewapa nyote, na sikuiwekea sharti, nisije nikawatisha nayo. Mungu awape riziki isiyowafanya mumwogope mtu anayebisha hodi. Sasa nielekezeni kibla... polepole, mbavu... Mkimpata, msimwombe anisamehe. Hilo ni lake. Mwambieni tu... alikuwapo. Mama yake alikuwapo pale dukani... akimngoja. Mwambieni hivyo kwanza... kabla hamjamwambia nyinyi ni watoto wa nani.